Nyumba Nzuri Kando ya Singidani, Lakini Ghairi

Ukisimama asubuhi ukingoni mwa Ziwa Singidani, ukayatazama yale mawe makubwa na ndege wanaotua majini, huna haja ya kuuliza kwa nini mtu atamani nyumba hapo. Dalali naye analijua hilo. Atakwambia nyumba haina mgogoro, serikali ya mtaa inaitambua, maji na umeme vimo, na kuna mteja mwingine anakuja saa nane.

Yote hayo yanaweza kuwa kweli na bado nyumba ikawa imejengwa pasipostahili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na mji wa Singida una maziwa mawili, Singidani na Kindai. Mji huo huo unapitiwa na barabara kuu ya Dodoma kwenda Nzega na ile ya Babati, ambazo hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukikuta alama ya kubomolewa, X ya kijani, ukutani, ni ya aliyejenga kabla hifadhi haijapanuliwa, naye anastahili fidia. Nyekundu haina fidia. Ukuta uliopakwa rangi juzi nao uulizie, huenda umeificha X.

Umeme usikulaghai. Mwaka 2017, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa nyumba zilizokuwa na umeme, maji na watoto waliozaliwa humo, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, mita 121.5 kila upande.

Lipo pia suala la matumizi. Hati inasema makazi, lakini uani kuna mashine ya kukamua alizeti inayofanya kazi usiku na mchana. Bila kibali cha kubadili matumizi, kosa hilo halihami na muuzaji. Linabaki kwenye kiwanja, na sasa kiwanja ni chako.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaonyesha kwamba mmeuziana mbele yake. Haubadilishi mchoro wa mipango miji. Mchoro huo uombe kwa maofisa mipango miji wa manispaa, upekuzi wa hati ufanye ofisi ya ardhi ya mkoa, kisha mtafute mpima akuonyeshe bikoni zilipo.

Najua kwetu kughairi baada ya kupeana mikono ni aibu, hasa muuzaji akiwa jirani au ndugu wa mke. Wengi hulipa ili tu wasionekane vigeugeu. Mimi nasema aibu hiyo ibebe, kwa maana sheria haitakuonea huruma baadaye. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyedanganywa kuuvunja mkataba. Lakini kwa aliyepotoshwa, au aliyefichwa jambo kwa kunyamaziwa tu, inauliza kwanza kama angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Mchoro ulikuwepo ofisini, hukwenda kuuona. Hapo ndipo kesi nyingi zinapoweza kuponyoka.

Basi malipo ya awali yasitoke mfukoni bila maandishi yanayosema yatarudishwa vibali vikikosekana. Na kama Jumatatu una miadi na dalali katika kata ya Mandewa au Misuna, miadi hiyo isogeze mbele, uanzie ofisi ya ardhi.