KUUA KOBAYI BILA KUMTESA



Katika nyumba nyingi za Mususa kobayi wanakimbia nyuma ya jiko ao chini ya kitanda. Wenzetu wa Bukavu wanawaita dende. Ni mnyama aliyetoka mbali, milima ya Ande kule Amerika ya Kusini, lakini kwetu amekuwa mwenyeji kabisa. Anakula majani na maganda, anabeba mimba siku 68 hivi, na watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi. Tena wakati wa vita, tangu miaka ya 1990, watu wa Kivu walijifunza kwamba ng'ombe anaporwa upesi, lakini kobayi unamficha, ao unakimbia naye katika kikapu.

Basi siku mgeni anapofika, mara nyingi ni mwanafunzi anayeambiwa: "Wewe, kamata wawili, uwaue." Kukamata anajua. Kuua, nani alimfundisha? Ndiyo sababu ya maandiko haya.

1. Udogo si kipimo cha maumivu

Wengine wanasema: "Ni kobayi tu, hasikii kitu." Hapana. Yuko na ubongo, yuko na mishipa ya fahamu, anaumia sawa mbuzi anavyoumia. Akiogopa analia, ao anakaza mwili na kunyamaza kabisa. Usidhani ukimya ule ni amani: ni namna yake ya kujificha mbele ya adui.

Jambo kubwa la kupima ni hili: tangu unapoanza mpaka anapopoteza fahamu, inapita muda gani? Kuua vizuri ni kufupisha muda ule, usifike hata sekunde moja.

2. Njia za kuacha

Kuzamisha ndani ya maji. Watu wanafanya hivyo hata kwa panya wa mtego: wanaingiza mtego mzima ndani ya ndoo. Mnyama anapigania pumzi kwa muda mrefu huku anajua yote yanayompata.

Kunyonga kwa kamba ao kwa mikono. Ni shida ileile ya pumzi.

Kutupa juu ya ukuta. Mkono ukikosea kidogo, unavunja mgongo na kichwa kinabaki kizima.

Kukata shingo akiwa macho. Hata kisu kikali hakizimi ubongo palepale. Zinapita sekunde kadhaa.

Moshi wa mbabula. Tunajua kwamba makala yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, na kwamba gesi hiyo inaua. Lakini moto na moshi vinachoma macho na pua ya mnyama kwanza, na gesi yenyewe haina harufu. Inaweza kumuua mtoto aliyelala katika chumba cha pili. Hapana kujaribu hata mara moja.

3. Njia inayofaa nyumbani

Kwa kobayi mkubwa, njia inayofaa ni pigo moja la nguvu juu ya kichwa, kisha kukata shingo bila kukawia. Mtu mzima anayeijua afanye ao asimamie. Anayejifunza aanze kwanza juu ya mnyama aliyekwisha kufa, mpaka mkono wake uwe hakika.

Kabla ya yote, tazama kama ni jike mwenye mimba, huyo umwache. Tayarisha fimbo nzito na kisu kikali mbele ya kumshika mnyama, si nyuma. Mchukue kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mmoja chini ya matako. Usimbebe kwa mguu kichwa chini. Mpeleke mbali na wenzake. Mweke juu ya kitu kigumu, umtulize, kisha upige mara moja, kwa nguvu, nyuma ya kichwa karibu na masikio. Pigo la huruma lisilo na nguvu ni ukatili.

Halafu uangalie. Gusa jicho: halipepesi? Kifua kimeacha kupumua kwa mpango? Basi fahamu imekwenda. Miguu inaweza kurusharusha bado. Hiyo ni kazi ya mishipa, si maumivu. Lakini jicho likipepesa, piga tena palepale. Kisha kata shingo, damu itoke, na usianze kuchuna mpaka moyo usimame.

Kuvunja shingo kwa mkono, sawa watu wanavyofanya kwa panya mdogo, ni vigumu kwa kobayi mkubwa, juu shingo yake ni fupi na nene. Mwenye mashaka aulize munganga wa wanyama. Hapa Butembo, Chuo Kikuu cha Graben kinafundisha uganga huo.

4. Hata kwa wafugaji wa nyoka

Swali hili si letu peke yetu. Kule Watamu, pwani ya Kenya, shamba la nyoka la Bio-Ken lilianzishwa mwaka 1980, na sumu ya nyoka wake inasaidia kutengeneza dawa ya watu walioumwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, kwa hiyo kazi hiyo si mchezo. Lakini nyoka naye anakula, na wengi wao wanakula panya.

Wafugaji wengi wa nyoka duniani wanampa panya aliyekwisha kufa, kwa sababu panya mzima anaweza kumuuma nyoka vibaya. Wengine wanatumia gesi ya dioksidi ya kaboni kutoka chupa ya chuma. Chama cha waganga wa wanyama cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2020, kinataka gesi iingie kidogokidogo: kwa dakika moja, 30 mpaka 70 kwa mia ya ujazo wa sanduku. Sababu yake tunaisoma katika kemia: gesi hiyo ikikutana na maji ya pua na macho inafanya asidi, na asidi inachoma. Tena watoto wa panya wanaozaliwa sasa hivi wanaivumilia muda mrefu sana, juu mwili wao umezoea hewa kidogo ya tumboni. Unaona? Hata wenye vyombo vya bei wanahesabu maumivu ya panya.

5. Kwa nini tunajisumbua

Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki hata kwa namna anavyomjali mnyama wake. Na sisi wa Beni na Butembo tumeona mauti mengi. Mtoto anayecheka kobayi akilia anazoea kitu ambacho nchi yetu imekwisha kukiona cha kutosha. Mungu ametupa ruhusa ya kula nyama. Ruhusa ya kutesa hakutupa.

Jumamosi ijayo, ukiambiwa "kamata wawili", tayarisha kwanza fimbo na kisu, ndipo ufungue mlango wa kibanda.