Magofu, Malka na Majina: Hifadhi ya Mahali pa Kale katika Delta ya Tana

Utangulizi

Yanapotajwa majengo ya kale ya pwani ya Kenya, fikira za wengi huelekea kwenye mawe: Ngome ya Yesu ya Mombasa, magofu ya Gedi, nyumba za Lamu. Jambo hilo si la ajabu. Gedi ilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, Ngome ya Yesu ikafuata mwaka 2011, na Gedi mwaka 2024.

Kati ya Malindi na Lamu, hata hivyo, imo nchi ya namna nyingine. Mto Tana unapoikaribia bahari hutawanyika katika matawi, maziwa na tambarare zinazofunikwa na maji kila yajapo mafuriko. Humo ndimo kilimo kijiji cha Kilelengwani, katika sehemu ya Garsen, Kaunti ya Tana River. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hifadhi ya mawe peke yake haitoshi kuitunza historia ya nchi hiyo, na kuonyesha kwamba kazi ya kwanza ya hifadhi huko ni kazi ya lugha, yaani kuyaandika majina ya mahali kwa uangalifu na kwa uadilifu.

Mawe yaliyopo

Haimaanishi kwamba delta haina mawe kabisa. Karibu na Kipini, mahali mto unapoingia baharini, yako magofu ya Ungwana, Mwana na Shaka. Mwanaakiolojia James Kirkman aliichimbua Ungwana katika miaka ya 1950, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1966. Katika miaka ya 1980 George Abungu aliuendeleza utafiti huo kwa kuangalia jinsi jamii za pwani na jamii za kando ya mto zilivyohusiana. Kazi hizo zimetuonyesha mji wa Waislamu wenye misikiti na makaburi, uliokaliwa kwa karne nyingi kabla ya kuhamwa.

Msomaji wa fasihi alilijua jina la Ungwana kabla ya kulijua gofu lake. Mapokeo humhusisha Fumo Liyongo na Shaka, Ozi na Ungwana, na kaburi lake husemekana kuwa katika sehemu za Kipini. Muhammad Kijumwa wa Lamu alipoyatia mapokeo hayo katika utendi mwaka 1913, mji wenyewe ulikuwa umekwisha kuwa kichaka. Tena ghuba iliyo mbele yake, ambayo wageni waliiandika Formosa katika ramani zao, leo huitwa Ghuba ya Ungwana. Paa zilianguka zamani, na jina likabaki midomoni.

Historia isiyojengwa kwa mawe

Wakazi wengi wa delta hawakujenga kwa mawe, nao walikuwa na sababu. Wapokomo, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Kisabaki pamoja na Kimijikenda, Kiilwana na Kikomoro, ni wakulima wa kingo za mto. Mto ulipohama, kijiji nacho kilihama, na nyumba ya miti na nyasi iliwafaa kuliko nyumba ya chokaa. Waorma, wasemao lugha ya jamii ya Kioromo, ni wafugaji, na nyumba yao ya asili ni ya fito zilizopindwa na kuezekwa, iwezayo kuachwa au kujengwa upya malisho yanapobadilika. Nyumba za namna hizo hazimwachii mchimbaji ukuta wa kupima.

Zipo, hata hivyo, athari nyingine. Wa kwanza ni mfereji wa Belezoni. Katika karne ya 19, zama za utawala wa Witu, mfereji ulichimbwa ili kuunganisha Tana na mto Ozi, mashua zipate njia ya kufika Kau na Kipini. Maji yaliupanua mfereji huo hata Tana ikaufuata, na kinywa kikuu cha mto kikawa Kipini. Apitaye leo huona mto tu. Pasingekuwa na jina na masimulizi yake, nani angejua kwamba mahali hapo ni kazi ya mikono ya watu?

Mfano wa pili ni ngadji, ngoma kubwa tukufu ya Wapokomo, iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni na kufika katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, mwaka 1908. Huko imehifadhika, kwa maana kwamba haikuoza. Lakini wanaojua ilipigwa wakati gani, na nani aliyekuwa na idhini ya kuiona, wako Tana.

Neno malka

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi. Waorma huita malka ile njia ambayo mifugo hupitishwa kufikia maji ya mto. Mashamba ya Wapokomo hufuata kingo za mto huo huo, kwa hiyo kila malka hupita kati ya shamba na shamba. Malka haina nguzo wala ukuta. Mipaka yake imo katika kumbukumbu za wazee, wale wa gasa kwa upande wa Wapokomo na wale wa matadeda kwa upande wa Waorma, ambao tangu zamani hukutana na kuafikiana juu ya matumizi yake. Kwa hiyo neno hili moja hubeba mahali, haki na mapatano.

Kumbukumbu hiyo inapotoweka au kupingwa, hasara haiishii katika elimu. Katika miezi ya Agosti na Septemba 2012, ugomvi wa muda mrefu juu ya ardhi, malisho na maji ulizuka kuwa mauaji. Zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa mwezi Agosti. Tarehe 10 Septemba waliuawa watu 38 Kilelengwani, wakiwamo askari polisi 9. Mwezi huo huo wa Septemba, Delta ya Tana, eneo la hekta 163,600, iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Ndege na samaki walipata hati ya ulinzi wakati ambapo watu wa mahali hapo hapo walikuwa wakizikana.

Haifai kudai kwamba orodha ya majina ingaliyazuia mauaji hayo, kwani siasa, silaha na uhaba wa ardhi vilikuwa na sehemu yake. Tunalosema ni kwamba mapatano yasiyoandikwa ni rahisi kukanushwa na kila upande.

Sheria na kazi ya mwanaisimu

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 humruhusu waziri kutangaza mahali au jengo la umri wowote kuwa la kuhifadhiwa, na tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali. Katiba ya mwaka 2010 imeiachia serikali ya taifa kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa, na kuzipa kaunti shughuli za utamaduni na makumbusho. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi nayo inataka kaunti ziwe na daftari za maarifa hayo. Kwa hiyo pa kuyaandika majina pamepatikana, na kilichobaki ni kuyaandika ipasavyo.

Kazi hiyo ina mfano wa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari Ferdinand Würtz, aliyekaa Ngao, alikusanya msamiati na sarufi ya Kipokomo. Mtafiti wa leo ana mzigo mzito zaidi, maana jina aliandikalo laweza kesho kutolewa mbele ya hakimu. Kwanza, mahali penye majina mawili paandikwe yote mawili, kila moja kwa matamshi ya wenyewe. Pili, aandike msemaji ni wa upande gani na masimulizi yake yanahusu msimu gani, kwani malka ya kiangazi si lazima iwe wazi wakati wa mavuno. Tatu, ajihadhari na etimolojia za kubuni. Ni rahisi kusikia neno uungwana ndani ya Ungwana na kudhani tumepata historia. Hali kadhalika, tukiliangalia jina Kilelengwani, kiishio -ni chatuambia kwamba ni mahali. Hakituambii mahali hapo ni pa nani.

Hitimisho

Magofu ya Ungwana yanahitaji walinzi, wafyekaji na fedha, na inafaa yapewe. Lakini sehemu kubwa ya kale ya Delta ya Tana imo katika maneno: mfereji uliogeuka mto, ngoma iliyo mbali na wapigaji wake, njia ya ng'ombe kati ya mashamba mawili. Wazee wanaoyajua maneno hayo wanapungua kila mwaka. Idara za lugha za vyuo vyetu zikiwaendea sasa, wa pande zote, zikakaa nao pamoja na kuandika, zitakuwa zimefanya kazi ya hifadhi ambayo uzio hauwezi kuifanya.