«Mbona mumechelewa?»: neno linalouma pande mbili

Baba anafika kutoka karieri siku ya tatu. Suruali ingali na matope ya shimo, pikipiki imekula feza ya wiki nzima. Anakuta mtoto amelala, serumu mkononi, viganja na midomo vimekuwa vyeupe juu ya kukosa damu. Munganga anainua kichwa: «Mbona mumechelewa?» Baba anapandisha sauti: «Na weye, siku zote hizi ulikuwa unafanya nini na mutoto wangu?» Mama, ambaye hajalala siku mbili, hasemi kitu.

Wale wa Obokote, na wa njia yote ya Lubutu, hawahitaji kuelezwa zaidi. Kitu ambacho hatukizungumzi sana ni kile kinachobaki moyoni mwa huyo munganga baba akiisha kutoka nje.

Huku kwetu pédiatre ni mtu wa mujini. Vijijini watoto wanatibiwa na daktari wa magonjwa yote, na mara nyingi ni infirmier, ambaye naye tunamwita munganga kwa sababu amevaa blouse nyeupe. Kazi hiyo ina uzito wake: mgonjwa hawezi kujieleza. Anayesema ni mzazi, anayekubali au kukataa ni mzazi. Mtoto mmoja analetwa na watu watatu, wanne: mama, baba, mama mkwe, shangazi, kila mmoja na hofu yake.

Tuchukue malaria. Vimelea vyake vinavunja chembe nyekundu za damu, na mtoto mdogo anaweza kuishiwa kwa siku moja au mbili tu. Hapo dawa peke yake haitoshi, paka kumuongezea damu. Mtoto wa kilo 10 anapewa mililita 200 hivi, kama glasi moja ya maji. Itatoka wapi? Mara nyingi mkononi mwa baba au mjomba. Na hapo maneno yanaanza. Mama anasema hawezi kukubali bila baba. Baba iko shimoni, ambako simu haishiki. Shangazi anakumbuka mtoto wa jirani aliyewekewa damu akafa usiku ule ule. Mara nyingi mtoto kama huyo hauawi na damu. Alifikishwa wakati moyo umekwisha kuchoka. Lakini nani ataeleza hayo saa nane za usiku? Munganga, huku anaona pumzi ya mtoto inazidi kwenda mbio.

Tuseme wote wamekubali. Mwaka 2010 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa unaoitwa AQUAMAT: watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi 9 za Afrika, Congo yetu ikiwa ndani. Walilinganisha kinini na artesunate ya sindano. Artesunate ilishinda, na ndiyo inayotumika leo. Lakini hata kati ya waliopewa hiyo artesunate, watoto 8 au 9 kwa kila 100 walikufa. Maana yake munganga anaweza kufanya kila kitu sawasawa, na bado kaburi likachimbwa.

Hilo halibebeki, kwa hiyo kila mmoja anamshika aliye karibu naye. «Mbona mumechelewa» mara nyingi si swali hata kidogo. Ni munganga anayejitetea mbele ya moyo wake mwenyewe. Na zile kelele za baba ni uchungu wa mtu aliyekuwa mbali akitafuta feza ya huyu huyu mtoto.

Sisemi kila mwenye blouse ni malaika. Kuna wanaomjibu mama kama wanafukuza mbuzi, na hilo halina udhuru.

Mwaka 2000 madaktari Walter Baile na Robert Buckman, pamoja na wenzao, waliandika njia ya hatua 6 ya kutoa habari mbaya, kwanza kwa wagonjwa wa kansa. Inaanza na vitu vidogo: tafuta faragha, keti, kisha uliza mwenzako anajua nini tayari. Kwenye kituo cha afya cha vyumba viwili, faragha ni nyuma ya nyumba, chini ya mti. Inatosha. Mama akikaa chini na munganga akasimama, maneno yanamuangukia kama jiwe. Tena, «Ilianza namna gani?» inaleta jibu lile lile la siku za homa na vidonge vilivyonunuliwa sokoni, bila kumhukumu mtu.

Na sisi? Kabla baba hajapanda karieri, yeye na mama wapatane: homa ikishika, mama asingoje simu. Anaruhusiwa kukubali damu. Mjomba fulani ndiye wa kutoa. Feza ya pikipiki iko mahali fulani. Ni mazungumzo ya dakika kumi, na yanamuondolea mama mzigo wa kuamua peke yake mbele ya kitanda.

Munganga naye hana wa kumuambia. Akifika nyumbani anaulizwa habari ya chakula. Na kabla ya hapo, siku ile mtoto anapokufa, anamfunika shuka, anaosha mikono, anageuka. Kwenye kitanda cha pili kuna mama mwingine, ameona yote, na sasa anamtazama usoni kutafuta habari ya mtoto wake.