Maumivu ya Nyonga: Onyesha kwa Kidole Panapouma

Watu watatu wanaweza kufika zahanati siku moja na kusema, "Nyonga inaniuma." Wa kwanza akashika kinena, wa pili ubavu wa paja, wa tatu tako. Neno ni moja, lakini huenda magonjwa ni matatu. Kwa hiyo, ukifika kwa mganga, mwonyeshe kwa kidole panapouma.

Kiungo cha nyonga kiko ndani sana. Hapo kichwa cha mfupa wa paja, kilicho duara kama mpira, huzunguka ndani ya shimo lake. Kikiugua chenyewe, maumivu husikika zaidi kwenye kinena, na pengine hushuka hadi gotini. Ndiyo maana wako wazee wanaopaka dawa kwenye goti miezi mingi, kumbe ugonjwa uko juu. Maumivu ya ubavuni, yanayokuzuia kulalia upande huo, mara nyingi hutoka kwenye kano za nje ya kiungo. Yale yanayoanzia takoni na kushuka nyuma ya mguu hadi wayoni, pamoja na ganzi, kwa kawaida hutoka mgongoni, na jerikani la lita 20 huyazidisha.

Kwa wazee, sababu ya kawaida ni kusagika kwa gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Kuchuchumaa chooni na kuvaa viatu huwa shida. Mwenye seli mundu naye awe macho: damu ikikosa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, sehemu yake hufa. Mwanzoni picha ya eksirei huweza kuonekana safi, basi maumivu yakiendelea, rudi. Kifua kikuu nacho hushika mifupa, hata bila kikohozi. Maumivu huja polepole, mtu anakonda na kutoka jasho usiku.

Lakini wako wasioweza kungoja. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu, au mchanga asiyechezesha mguu mmoja na kulia ukimbadilisha nepi, mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usaha ukiingia kwenye kiungo, siku chache tu zatosha kukiharibu, na mtoto akachechemea maisha yake yote. Usimchue wala usimkande. Mzee aliyeanguka, mguu ukaonekana mfupi na wayo umegeuka nje, huenda amevunjika. Msimsimamishe, mbebeni amelala.

Mganga atakuuliza maumivu yalianza lini na kama uliumia. Atatazama unavyotembea, kisha atakulaza chali, akunje goti lako na kulizungusha paja, akilinganisha miguu yote miwili. Mama, unaweza kuomba muuguzi wa kike au ndugu yako awepo. Kipimo cha damu au picha hufuata ikihitajika, si kwa kila mtu.

Tahadhari na sindano za maumivu zinazochomwa mitaani. Ikichomwa vibaya takoni, huweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu na kuupoozesha mguu. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni navyo si vya kumeza ovyo, hasa kwa mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo. Ukija, leta kadi yako na pakiti za dawa zote ulizokwisha meza, hata zile za sokoni.