Mkutubi na Gazeti la Chuki

Tuseme mwanafunzi anaingia maktaba ya shule mjini Kamembe, wilayani Rusizi, na kuomba nakala ya Kangura. Ni gazeti la Hassan Ngeze, lile lililochapisha "amri kumi" dhidi ya Watutsi mwezi Desemba 1990. Anaandika insha ya historia. Mkutubi akimpa, ametenda kosa?

Sheria Na. 59/2018 ya Rwanda inamwadhibu anayeonyesha hadharani, kwa maneno, maandishi, picha au namna nyingine, itikadi ya kuunga mkono maangamizi ya kundi la watu. Kifungo ni miaka 5 hadi 7. Kosa lenyewe halimtaji mkutubi, si kwa kumshtaki wala kwa kumkinga, kwa hiyo utetezi wake autafute ndani ya maneno hayohayo. Kuazimisha gazeti si kuunga mkono yaliyomo. Tena sheria ya jumla ya makosa na adhabu, Na. 68/2018, inawakataza mahakimu kuzinyoosha sheria za jinai zifunike jambo lisiloandikwa. Ni hoja nzuri, lakini hutolewa mtu akiwa ameshafikishwa kizimbani.

Uingereza iliandika kinga yenyewe. Kifungu cha 2 cha Sheria ya Ugaidi ya 2006 kinagusa hata anayeazimisha chapisho la kigaidi, na adhabu sasa inafika miaka 15. Hata hivyo mshtakiwa anaweza kuonyesha kwamba maandishi hayo hayakuwa maoni yake, hakuyaunga mkono, na kwamba hilo lilikuwa wazi kwa mazingira yote. Kenya ilifuata njia nyingine: tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 30A cha sheria ya kuzuia ugaidi, kilichoadhibu kauli za kuhimiza ugaidi, kwa kukiuka uhuru wa kujieleza.

Neno "wazi" ndilo ningependa wakutubi wa Rusizi walishike. Uwazi hujengwa mapema: gazeti liwekwe kwenye rafu ya historia, liwe na maelezo ya asili yake, azimo liandikwe daftarini, ombi la mwalimu litunzwe. Bukavu, upande wa Kongo, iko ng'ambo ya daraja tu, na vitabu huvuka kama bidhaa nyingine. Kila kinachopokelewa kiandikwe kimetoka wapi na kwa nini kimewekwa.

Wapo watakaosema ni salama zaidi kuyachoma magazeti hayo. Napinga kabisa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia Ngeze hatiani tarehe 3 Desemba 2003. Rufaa ya 28 Novemba 2007 ilipunguza kifungo chake cha maisha kuwa miaka 35, lakini hatia ya kuchochea mauaji ya kimbari kupitia Kangura ya 1994 ilibaki. Majaji waliyasoma matoleo yenyewe, kwa sababu kuna watu walioyatunza.

Wabunge wa Rwanda, ongezeni kifungu kimoja kinachomkinga anayehifadhi au kuazimisha maandishi kwa ajili ya elimu, utafiti na ushahidi.