Je, Wajua? Nyenje, Chakula cha Kinyonga

Je, wajua kwamba yule mdudu anayelia usiku kucha nyuma ya nyumba huko Kamembe, Rwanda, huuzwa kwa maelfu, akiwa hai, katika maduka ya wanyama Ulaya na Marekani? Ni nyenje. Wanaomnunua ni wafugaji wa vinyonga na mijusi wa aina mbalimbali, na wengi wa wanyama hao hawajisumbui na chakula kisichotembea.

Je, wajua kwamba biashara hii ilianza na chambo cha samaki? Shamba la Armstrong, kusini mwa Marekani, lilianza kuzalisha nyenje mwaka 1947 kwa ajili ya wavuvi. Wafugaji wa mijusi walikuja baadaye.

Anayelia ni dume peke yake. Hasugui miguu kama wengi wanavyodhani, anasugua mabawa. Masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, chini ya goti.

Je, wajua kwamba mtaji mkubwa wa mfugaji wa nyenje ni joto? Nyenje wa nyumbani (Acheta domesticus) akikaa kwenye nyuzijoto 30 hivi, mayai huanguliwa ndani ya wiki mbili, na nyenje mchanga hukomaa baada ya wiki sita hadi nane. Kwenye baridi, hesabu hiyo hurefuka sana. Ndiyo maana wilaya ya Rusizi, iliko Kamembe, inanivutia: uwanja wa ndege wa Kamembe uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, lakini ukiteremka hadi Bugarama unajikuta chini ya mita 1,000, mahali penye joto na mashamba ya mpunga. Mfugaji wa Ulaya hulipia umeme ili apate joto ambalo Bugarama inapewa na jua, na pumba za mpunga ziko hapo hapo mashineni.

Vifaa ni vichache: kreti au beseni refu lenye kuta laini, wavu wa kufunika, na trei za mayai za karatasi zilizosimamishwa wima ili wadudu wapate pa kujificha. Maji usiyaweke wazi kwenye sahani, kwa sababu nyenje wachanga huzama. Loweka pamba, watanyonya hapo. Weka pia kikopo cha udongo wenye unyevu. Jike ana mrija mrefu mkiani, mwembamba kama sindano, na utamwona akiuchomeka udongoni na kutaga yai moja moja, mamia katika maisha yake mafupi. Chakula ni pumba, chakula cha vifaranga, karoti na majani ya dodo, yaani mchicha. Ila majani yaliyopuliziwa dawa ya wadudu yanaweza kuua kreti nzima. Na wasibanane: nyenje aliyetoka kujivua ngozi ni mweupe na laini, na wenzake wakiwa na njaa au kiu humla.

Je, wajua kwamba nyenje mtupu humdhuru mjusi? Mwili wake una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mjusi anayelishwa hivyo kwa muda mrefu hulainika taya na kupinda miguu. Kwa hiyo mfugaji makini humshibisha nyenje mboga za majani siku moja kabla, kisha humpaka unga wa kalsiamu. Nyenje asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Wanaobaki waondolewe jioni, maana usiku humng'ata mjusi aliyelala.

Mwaka 2002 virusi vinavyoshambulia nyenje wa nyumbani vilienea kwa kasi katika mashamba ya Ulaya, na kufikia 2010 vilikuwa vimeyakumba ya Marekani. Wadudu walilala chali kwa mamilioni, wafugaji wakafilisika, wengine wakahamia aina nyingine za nyenje. Kwangu hili ndilo funzo kubwa la kazi hii: usitegemee mbegu ya aina moja kutoka nje. Kenya tayari ina nyenje wake, Scapsipedus icipe, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2018 kwa heshima ya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi. Huko Bondo, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kimekuwa kikitafiti na kufundisha ufugaji wa nyenje kwa ajili ya chakula. Mfugaji wa Bugarama mteja wake wa kwanza atakuwa kuku, au samaki wa vizimba vya Ziwa Kivu, kabla ya mjusi wa Ulaya.

Na kuhusu vinyonga wenyewe, je, wajua kilichotokea Hawaii? Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa kwa mwenye duka la wanyama kisiwani Oahu. Walifika wamedhoofu, akawaachia bustanini wapate nafuu. Wakatoroka, wakazaana, na leo wanakula wadudu na konokono ambao hawapatikani kwingine duniani.

Katika msitu wa Nyungwe, Rwanda, nako yupo kinyonga wa pembe tatu, Trioceros johnstoni. Msitu huo, ambao sehemu yake iko Rusizi, uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwezi Septemba 2023, na biashara ya kimataifa ya kinyonga huyo inasimamiwa na mkataba wa CITES. Akija mtu kijijini kwako akiahidi fedha kwa kila kinyonga utakayemletea, mkatalie, na uwaarifu askari wa hifadhi. Akitaka nyenje, muuzie.