Darubini aliyoagizwa mfanyabiashara wa Namanga

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya pikipiki hapa Namanga, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe, alipata oda ya ajabu mwezi uliopita. Mteja wake wa siku nyingi, mtu anayenunua matairi na minyororo kwa jumla, alimwonyesha picha kwenye simu: darubini nyeusi, nene, yenye vifundo viwili vya kuzungusha. "Mpwa wako si yuko Texas?" akamwuliza. "Mwambie aninunulie hii, aiweke kwenye begi akija Desemba. Faida yako ipo."

Haikuwa darubini ya kutazamia twiga. Ilikuwa ya kufungwa juu ya bunduki.

Mzee hakukataa wala hakukubali. Alimpigia mpwa wake simu usiku, na mazungumzo yao yalichukua karibu saa nzima. Nilipoketi naye dukani wiki iliyofuata alinisimulia yote, na nikaona kuwa mengi aliyoelezwa yanamhusu kila anayeuza kitu kinachopaswa kuingiana na kitu cha mwingine.

Mpwa huyo ni dereva wa lori, mkazi halali wa Marekani. Anamiliki bunduki ya nusu-otomatiki aina ya AR-15, na ameanza kujiundia nyingine kubwa zaidi ya kupiga shabaha za mbali. Nusu-otomatiki maana yake ni kwamba ukivuta kifyatuo mara moja inatoka risasi moja tu, kisha risasi inayofuata inajipakia yenyewe. Bunduki ya jeshi inayomwaga risasi mfululizo ni kitu kingine, na huko Marekani imebanwa na sheria tangu mwaka 1934. Watu wengi hudhani herufi AR zina maana ya vita. Ni kifupi cha ArmaLite, kampuni alikofanya kazi mhandisi Eugene Stoner aliyebuni AR-10 miaka ya 1950, na baadaye mdogo wake, AR-15. Mwaka 1959 ArmaLite iliuza haki za bunduki hizo kwa Colt. Jeshi likaichukua ile ndogo na kuiita M16.

Kwa mfanyabiashara, hadithi inaanza kunoga mwaka 1977, pale hataza ya Stoner ilipokwisha muda. Kuanzia hapo karakana yoyote yenye leseni iliweza kutengeneza bunduki hiyo. Na kwa kuwa jeshi lilikuwa limekwisha kuandika vipimo vya kila kipande, wengi walivifuata. Leo mtutu wa kampuni moja unaingia kwenye bunduki ya kampuni nyingine, kitako cha tatu, kifyatuo cha nne. Mzee aliposikia hivyo alicheka. "Kumbe ni Boxer," alimwambia mpwa wake. Ndivyo ilivyo. Pikipiki inayouzika sana ni ile ambayo vipuri vyake vinapatikana hadi kijijini, hata kama si bora kuliko zote.

Sheria ya Marekani nayo imeisaidia biashara hiyo kwa namna yake. Katika AR-15, kipande kinachohesabiwa kuwa ndiyo bunduki ni kiwiliwili cha chini, penye kifyatuo na namba ya usajili. Kukinunua dukani sharti ujaze fomu mbele ya muuzaji mwenye leseni, na jina lako lichunguzwe katika mfumo wa FBI ulioanza mwaka 1998. Aliyeingia kwa viza ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi. Sehemu kubwa ya vipande vingine huuzwa kama taa za gari.

Nusu milimita

Lakini mpwa alipigwa hasara mara mbili, na zote mbili zilitokana na vipimo.

Mara ya kwanza ilikuwa kitako. Kitako cha AR-15 huvalishwa kwenye bomba linalotoka nyuma ya bunduki. Bomba la kipimo cha jeshi lina kipenyo cha milimita 29.2 hivi, na lile linaloitwa la kibiashara lina 29.7. Tofauti ni nusu milimita. Kwa macho huioni. Lakini kitako cha jeshi hakipandi kwenye bomba la kibiashara, na kitako cha kibiashara kwenye bomba la jeshi kinachezacheza, jambo lisilomfaa mtu anayetafuta shabaha.

Mara ya pili iliuma zaidi. Alitaka bunduki ya risasi kubwa ya .308, ukoo wa AR-10, akadhani mambo ni yaleyale. Siyo. AR-15 ilipata kipimo kimoja kwa sababu jeshi lilinunua kwa mamilioni. Ile kubwa haikupata mlezi wa namna hiyo. ArmaLite ilipofufuliwa miaka ya 1990 ilitengeneza AR-10 yake kwa mtindo wake, ikitumia kasha la risasi lililogeuzwa kutoka bunduki ya M14. Kampuni ya DPMS ikatoa yake kwa mtindo mwingine, ikifuata kasha la SR-25 ya Knight's Armament. (Hiyo namba 25, kwa wanaopenda hesabu, ni 10 ukijumlisha na 15.) Kiwiliwili cha juu cha mmoja kimekatwa mshazari kwa nyuma na cha mwingine kimekatwa mviringo. Ukivikutanisha panabaki pengo, au havikutani kabisa. Mpwa alinunua cha juu cha ukoo huu na cha chini cha ukoo ule. Muuzaji alikubali kurudishiwa kimoja tu.

Msomaji aliyewahi kununua mtungi wa gesi zamani Kenya anaijua hali hiyo: mtungi wa kampuni hii, kichwa cha kampuni ile, na mama yuko jikoni anasubiri. Kanuni za mwaka 2009 ndizo zilizolazimisha vali ya aina moja, na tangu hapo mtungi ukawa bidhaa ya kila duka la mtaani.

Reli

Kuna mahali kipimo kilishinda, nako ni juu ya bunduki, panapokaa darubini. Zamani kila fundi alitoboa mashimo yake. Mwaka 1995 karakana ya jeshi iliyoko Picatinny, jimbo la New Jersey, ilitoa kipimo cha reli: chuma chenye mifereji ya kukingama, kila mfereji milimita 5.23 kwa upana, na kutoka kati ya mmoja hadi kati ya mwingine milimita 10.01. Basi. Leo pete iliyochongwa Oregon, Ujerumani au China inafungwa kwenye reli hiyo bila tupa wala nyundo.

Ndiyo maana biashara ya darubini imekua kiasi hiki. Bunduki ya kawaida ya AR-15 hupatikana kwa chini ya dola 1,000, lakini darubini nzuri ya masafa marefu peke yake hupita dola 1,000, na zile za Schmidt & Bender wa Ujerumani au Nightforce wa Idaho huweza kupita 3,000. Kampuni ya Vortex ya Wisconsin inauza darubini zilizotengenezwa Japani, Ufilipino na China, kila bei na nchi yake. Mpwa anasema wanaoanza hukosea kwa kuweka fedha zote kwenye bunduki na kubakiza makombo ya kununulia kioo. Mtutu mnene usioguswa na kitu pembeni, kifyatuo laini na risasi za kiwango kimoja vina kazi yake, lakini usichokiona hukipigi.

Hata hivyo, pale juu ya reli ugomvi wa vipimo umehamia ndani ya darubini yenyewe. Kwanza, bomba lake: lipo la inchi moja, lipo la milimita 30, lipo la 34, na pete za hili hazilivai lile. Pili, na hapa ndipo wengi huumia, kuna lugha mbili za kupimia. Moja huitwa mili, ambapo mili moja ni sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100. Nyingine ni dakika ya pembe, ambayo kwa umbali huohuo ni sentimita 2.9. Kwa miaka mingi ziliuzwa darubini, hata kwa jeshi, zenye alama za mili ndani ya kioo na vifundo vya dakika kwa nje. Mpigaji anaona risasi imekwenda kushoto kwa mili moja, kisha lazima azidishe kwa 3.44 kabla ya kugusa kifundo, huku upepo unabadilika.

Mzee wa Namanga hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kabla ya vipuri aliuza viazi. Alinunua kwa gunia la lumbesa, lililojazwa hadi likavaa kofia, na kuuza kwa kilo. Anakumbuka vizuri hasara ilikuwa ikiingilia wapi.

Upande wetu wa mpaka

Huko Marekani kwenyewe bunduki hizi hazina amani. Serikali kuu ilizuia aina nyingi kati ya mwaka 1994 na 2004. California ina katazo lake tangu 1989, na Illinois tangu 2023. Bunduki za ukoo huu zilitumika kuua watoto katika shule ya Newtown mwaka 2012 na watazamaji wa muziki Las Vegas mwaka 2017. Jirani wa mpwa hutumia yake kuwinda nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba, na haoni kwa nini adhibitiwe kwa kosa la mwingine. Wazazi wa Newtown wanaona vingine. Mimi nimekaa karibu na mpaka uliopitishiwa silaha za wizi miaka mingi, na sijifichi kwamba niko upande wa wazazi hao.

Kwetu, jambo hili lilikatwa mapema zaidi. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, inazitaka nchi wanachama ziweke katika sheria zao katazo kamili la raia kumiliki bunduki za rifle za otomatiki na za nusu-otomatiki. Kwa maneno mengine, kitu ambacho mpwa hukinunua kwa kujaza fomu, huku ni kitu ambacho serikali zetu zimeahidiana raia asiwe nacho. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yule mteja wa matairi ni darubini hiyo inakwenda kufungwa juu ya nini.

Swali la pili ni la forodha, nalo lina mtego. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, darubini ya bunduki ikija peke yake iko sura ya 90, pamoja na miwani na vifaa vya maabara, namba 9013.10. Ikija imefungwa juu ya bunduki yake, au pamoja nayo, inahamia sura ya 93, sura ya silaha, ambayo sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 imeiweka kwenye bidhaa zenye masharti. Wapo wapambe wa mpakani watakaokuambia kwamba sura ya 90 ni sawa na ruhusa. Sura ni ya kukadiria ushuru. Polisi wana sheria zao na forodha haiwasemei.

Na swali la tatu liko kule inakotoka. Marekani imeziweka darubini za bunduki kwenye orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa kwenda nje, chini ya Wizara ya Biashara, na zile za kuonea gizani zina masharti makali zaidi. Anayevunja kanuni hizo kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Mpwa alilijua hilo. "Mjomba," alimwambia, "mimi nina makaratasi ya kuishi hapa niliyoyasubiri miaka tisa. Siwezi kuyaweka kwenye begi la mtu."

Mzee alimpigia mteja wake kesho yake na kumwuliza kama ana leseni ya bunduki, na kama anayo, alete nakala na barua ya polisi, kisha wazungumze na wakala wa forodha aliyesajiliwa. Mteja akasema atarudi. Hajarudi, ingawa juzi alituma kijana kuchukua matairi kumi na mawili na alilipa taslimu.

Desemba mpwa anakuja na begi lake. Ndani yake, kwa oda ya madereva wa watalii wa Arusha, kutakuwa na darubini sita za macho mawili, 8x42, namba 9005.10, na risiti zake zote. Mzee amekwisha kuwauliza madereva kama wanataka mikanda ya shingoni inayoingiana na zile walizonazo.